Mahindi Baada ya Kuvunwa

Punje ya hindi haifi inapotoka shambani. Kiini chake kiko hai, kinapumua, kinatumia polepole wanga uliokizunguka na kutoa joto, maji na hewa ya ukaa. Punje ikiwa kavu, pumzi hiyo ni ndogo mno hata haihesabiki. Ikiwa bado ina maji mengi, pumzi hupanda, rundo hupata joto kwa ndani, na joto hilo pamoja na unyevu huwaalika kuvu na wadudu, ambao nao hupumua na kuzidisha joto na unyevu. Mkono ukitumbukizwa katikati ya gunia la namna hiyo hukutana na uvuguvugu, ingawa punje za juu zimepoa na zinaonekana nzima kabisa. Kuhifadhi mahindi, iwe kwenye kihenge cha fito au kwenye ghala la taifa, ni kuhakikisha mzunguko huo hauanzi. Ukishaanza, hakuna dawa ya dukani inayourudisha nyuma.

Kwa kaya nyingi za Afrika Mashariki gunia la mahindi ni chakula na papo hapo ni akiba ya fedha. Bei huanguka pale kila mtu anapovuna, kisha hupanda kadiri stoo za vijijini zinavyobaki tupu. Mkulima anayeuza mavuno yote Julai kwa kuhofia wadudu mara nyingi ndiye anayeonekana sokoni Januari au Februari akinunua mahindi ya mwenzake kwa bei ya juu. Hasara ya hifadhi mbaya basi si yale tu yaliyoliwa na fukusi. Yapo pia mahindi yaliyouzwa kwa bei ya kutupa kabla fukusi hajayafikia.

Safari ya hifadhi huanzia kwenye bua. Hindi lililokomaa hukauka maganda na kuanza kuinama. Alama ya uhakika zaidi iko kwenye punje yenyewe: ikibanduliwa kutoka kwenye gunzi, kitakoni pake huonekana tabaka dogo jeusi, ishara kwamba mshipa uliokuwa ukiilisha umefunga na haitaongezeka tena uzito. Hata hivyo, katika hatua hiyo punje bado ina maji kiasi cha asilimia 30 hadi 35 ya uzito wake, na kwa hifadhi ya miezi mingi inatakiwa ishuke hadi 13 au chini ya hapo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ya biashara ni asilimia 13.5.

Kuyaacha yakaukie shambani ni rahisi, lakini kuna gharama. Fukusi huruka, na hutoka kwenye stoo zenye mabaki ya mwaka jana hadi kwenye mahindi yaliyokomaa na kutaga huko huko. Mkulima huwabeba hadi nyumbani bila kuwaona. Mchwa hupanda kwenye mabua yaliyoanguka, ndege na nyani huchukua fungu lao, na wezi pia. Muda wa kuacha shambani hutegemea hali ya hewa ya mahali, na hapa ushauri wa jumla hukosa maana. Nyanda za Juu Kusini za Tanzania huvuna katikati ya kiangazi chenye baridi na upepo mkavu, hivyo mahindi ya Rukwa au Ruvuma hukauka karibu yenyewe. Kule Trans Nzoia na Uasin Gishu nchini Kenya mavuno makuu huangukia Oktoba na Novemba, ambapo mvua inaweza kuwa haijaondoka. Maeneo yanayolima vuli huvuna Januari na Februari huku masika yakibisha hodi. Mkulima wa Sumbawanga anaweza kusubiri. Wa Kitale akisubiri sana, mahindi yatamwotea kwenye gunzi.

Baada ya kuvuna, kosa linaloonekana kila mahali ni kuyamwaga mahindi juu ya udongo mtupu. Udongo una unyevu, na ndiko inakoishi kuvu inayotengeneza sumukuvu. Turubai, mkeka, sakafu ya saruji iliyofagiwa au kichanja kilichoinuliwa kutoka ardhini vyote vinafaa. Kingo za barabara ya lami hazifai ijapokuwa hukausha haraka, kwa sababu mahindi hupata vumbi, mafuta ya magari na matairi yanayopasua punje. Punje zilizopukuchuliwa hutandazwa tabaka jembamba, lisilozidi kina cha vidole vitatu, na kugeuzwa mara kwa mara. Jioni hukusanywa na kufunikwa, maana umande wa usiku mmoja hurudisha sehemu kubwa ya maji yaliyotoka mchana kutwa.

Kupukuchua nako kuna wakati wake. Mahindi yakiwa bado na maji mengi, punje hukwanguka na kuvunjika, nusu ikibaki kwenye gunzi. Kuyajaza ndani ya gunia na kuyapiga kwa fimbo ni njia ya haraka, lakini huacha punje nyingi zenye nyufa, na ufa ni mlango: ganda la nje la punje ni ukuta ambao kuvu na wadudu wadogo hupata taabu kuupenya. Mashine ya kupukuchulia, ya mkono au ya injini, ikirekebishwa vizuri huvunja chache zaidi. Baada ya hapo hufuata ungo au chekecheke. Chenga, pumba na vumbi si uchafu wa macho tu, kwani huziba nafasi za hewa kati ya punje, hunyonya unyevu na kuwa chakula cha kwanza cha wadudu wasioweza kutoboa punje nzima.

Jinsi ya kujua kwamba yamekauka ndilo swali linalowapotosha wengi. Wazee hung'ata punje: ikikatika kwa mlio mkavu, imekauka, ikibonyea chini ya jino, bado. Mzoefu hapotei sana kwa njia hii, ila jino halitofautishi vizuri asilimia 13 na 15, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua. Maafisa ugani hufundisha kipimo cha chumvi, na hakihitaji zaidi ya chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Mahindi hujazwa hadi theluthi ya chupa, vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu ya mezani huongezwa, chupa hufungwa na kutikiswa kwa dakika moja au mbili, kisha huachwa itulie kwa robo saa. Chumvi ikianguka yote chini na kuta za chupa zikabaki safi, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15. Ikiganda kwenye kioo kama ukungu mweupe, unyevu bado uko juu ya asilimia 15 na turubai litandikwe tena. Chumvi yenyewe lazima iwe kavu, la sivyo chupa itasema uongo. Vyama vya ushirika na wanunuzi wakubwa hutumia kipima unyevu cha elektroniki, na kijiji kinachochanga kununua kimoja hupata faida ya ziada pale mnunuzi anapokuja na chake.

Wadudu wanaofuata mahindi hadi stoo ni wengi, lakini wawili ndio wanaostahili kutambuliwa kwa sura. Fukusi ana mkonga mwembamba uliochongoka mbele ya kichwa. Jike hutoboa tundu dogo kwenye punje, hutaga yai ndani na kuliziba kwa ute, kisha kiluwiluwi hukua humo humo bila kuonekana mpaka anapotoka akiwa mdudu kamili, akiacha tundu la mviringo. Penye joto la kawaida la ukanda wa chini mzunguko huo huchukua wiki tano hivi. Kwenye nyanda za baridi huweza kufika miezi mitatu na zaidi. Ndiyo sababu mahindi yanayoonekana masafi siku ya kufungwa hukutwa yamejaa fukusi baada ya mwezi na nusu, na mwenye mali hudhani waliingia kutoka nje. Walikuwamo.

Wa pili ni dumuzi. Ukimtazama kutoka juu, kichwa hakionekani, kimeinama chini ya kifua kama kilichofunikwa kofia. Mwili ni kipande cha bomba cha rangi ya kahawia iliyokoza, chenye urefu wa milimita 3 hadi 4 na ushee, na nyuma pake pamekatika ghafla kama pamesawazishwa kwa kisu. Alama yake kubwa ni unga. Fukusi hula punje na kuacha tundu, ila dumuzi hutoboa ovyo kutoka punje hadi punje na kusaga zaidi ya anachokula, hata chini ya gunia pakarundikana vumbi jeupe wakati magunzi yamebaki kama sifongo.

Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, alikoishi na mahindi kwa muda mrefu pamoja na maadui zake wa asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aligundulika katika mkoa wa Tabora nchini Tanzania, na haraka sana wakulima wakaanza kupoteza mahindi kwa kiasi ambacho hawakuwahi kukiona. Katika baadhi ya stoo hadi theluthi moja ya uzito ilipotea ndani ya miezi michache. Mwaka 1983 alikuwa amekwishaonekana Taveta upande wa Kenya, na 1984 akaonekana Togo, upande wa pili wa bara. Alisafiri na mahindi kwenye malori ya biashara. Wakulima wa Tanzania walimpachika jina la Scania, na Kenya, miaka ya baadaye, akaitwa Osama.

Dumuzi aliharibu kitu kingine kisichopimwa kwa kilo, nacho ni maarifa ya hifadhi yaliyokuwa yamejaribiwa kwa vizazi. Kabla yake, kuhifadhi mahindi na gunzi lake, pengine na maganda yake, juu ya dari la jikoni penye moshi au kwenye kihenge, ilikuwa busara. Mahindi ya kienyeji yalikuwa na punje ngumu na maganda yaliyofunika hindi hadi ncha, na fukusi alipata shida kupenya. Moshi ulikausha na kufukuza. Kwa dumuzi, hali ni kinyume. Ili atoboe anahitaji kitu kilichoshikilia, na punje iliyopangwa imara kwenye gunzi humpa egemeo hilo. Punje zilizopukuchuliwa husogeasogea na kumpunguzia kasi. Wataalamu wakalazimika kuwashawishi wakulima waache desturi ambayo mpaka jana ilikuwa sahihi: pukuchua, changanya na dawa, weka kwenye gunia au kihenge kilichozibwa. Haishangazi kwamba wengi walisita. Mbegu za kisasa nazo, pamoja na mavuno yake mengi, mara nyingi zina punje laini zaidi na maganda yasiyofika nchani, hivyo ulinzi wa zamani ulipungua kutoka pande mbili kwa wakati mmoja.

Isitoshe, dumuzi haishi kwenye mahindi peke yake. Hustawi kwenye makopa ya muhogo, na huweza kujificha kwenye mbao kavu, zikiwemo fito za kihenge. Kihenge chenye fito zilizotobolewa kikijazwa mahindi mapya, mdudu hana haja ya kusafiri. Mwaka 1992 Kenya iliachia mdudu mwindaji kutoka Amerika ya Kati anayekula mayai na viluwiluwi vya dumuzi, baada ya Togo kufanya hivyo 1991. Mwindaji huyo husaidia kupunguza dumuzi wanaozurura maporini, lakini hatoshi kulinda gunia lililokwisha kuvamiwa.

Dawa za unga zinazouzwa kwa ajili ya nafaka huwa na viambato viwili kwa sababu ya wadudu hawa wawili. Kiambato kama pirimifosi-methili humwua fukusi vizuri lakini humlegezea dumuzi. Permethrini hufanya kinyume. Mkulima anayetumia dawa ya kiambato kimoja anaweza kumwondoa adui mmoja na kumpa mwingine nafasi. Kiasi huandikwa kwenye pakiti, na kwa dawa zilizozoeleka ni gramu 100 kwa gunia moja. Mahindi humwagwa sakafuni, dawa hunyunyizwa, na koleo hugeuza rundo mara kadhaa hadi vumbi lienee sawasawa. Kunyunyiza juu ya gunia lililokwisha kujaa ni kupoteza pesa. Nguvu ya dawa hushuka miezi inavyopita, haraka zaidi penye joto, na mahindi yenye unyevu huiua mapema. Siku za kusubiri kabla ya kula, ambazo pia huandikwa kwenye pakiti, ziheshimiwe. Dawa feki na zilizopitwa na muda zimejaa madukani, na huenda ndizo zinazowafanya wakulima wengi waseme wadudu wamezoea dawa. Hatari zaidi ni kutumia kwenye chakula sumu iliyotengenezwa kwa pamba, mboga au kupe.

Vidonge vya kufukizia ni jambo jingine kabisa na havistahili kuuzwa kama peremende, ingawa ndivyo vinavyouzwa mahali pengi. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini inayoua wadudu wote, hata walio ndani ya punje. Huua na watu pia, bila kubagua. Kuviweka kwenye magunia yaliyo chumbani au katika nyumba wanamolala watu ni kuhatarisha roho za familia nzima. Kazi hiyo ni ya watu waliofunzwa, chini ya maturubai yasiyopitisha gesi, mbali na makazi. Zaidi ya hapo, gesi ikishatoka haiachi kinga yoyote, na mdudu atakayeingia siku inayofuata atakuta mahindi safi yanamsubiri.

Majivu makavu yaliyochekechwa na majani ya mwarobaini yaliyosagwa bado yana nafasi, hasa kwa mbegu ya kilo chache. Majivu hujaza nafasi kati ya punje na kukwangua nta ya mwili wa mdudu hadi akauke. Yanatakiwa mengi, na kwa magunia ishirini hazitoshi kuni za kijiji.

Njia ambayo imebadilisha mambo kuliko zote katika miaka ya karibuni haina sumu ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakiongozwa na Larry Murdock, walifanya kazi na wakulima wa kunde kaskazini mwa Kamerun na kutengeneza mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito, mmoja ndani ya mwingine, na kiroba cha kawaida nje kwa ajili ya kubeba uzito. Mifuko hiyo, inayojulikana kwa jina la PICS, pamoja na mingine ya namna hiyo iliyofuata, sasa huuzwa na kutumika kwa mahindi Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Siri yake ni kwamba haipitishi hewa. Wadudu waliomo hupumua mpaka oksijeni, ambayo hewani ni asilimia 21, inashuka chini ya 5, kwa kawaida ndani ya siku chache. Hapo huacha kula. Lakini hawafi kwa kukosa pumzi tu: mdudu anayeishi kwenye nafaka kavu hana mahali pa kunywa, maji yake huyatengeneza mwilini kutokana na chakula na oksijeni. Oksijeni ikiisha, kiwanda hicho cha maji husimama, na hatimaye anakufa kwa kiu katikati ya shehena ya chakula.

Mfuko huu husamehe machache. Kabla ya kujaza, kila mfuko wa ndani hupulizwa hewa na kubanwa mdomo ili kusikiliza kama kuna tundu. Mahindi yaliyopepetwa, yasiyo na vipande vya magunzi vyenye ncha, humiminwa polepole huku yakisindiliwa ili yasiache mapango. Juu huachwa nafasi ya kama shubiri moja na nusu. Hewa hukamuliwa kwa mikono, mdomo husokotwa hadi ukaze, hukunjwa na kufungwa kwa kamba imara. Mfuko wa pili hufungwa vivyo hivyo, kisha kiroba. Haufunguliwi kwa wiki kadhaa za mwanzo. Kaya inayochota kila siku kutoka kwenye mifuko mitano kwa zamu imeingiza hewa kwenye yote mitano. Afadhali kufungua mmoja, kuumaliza, ndipo kufungua wa pili. Dumuzi anaweza kutoboa plastiki, kwa hiyo mahindi yaingizwe mapema baada ya kukauka, kabla wadudu hawajazaliana. Na dawa haichanganywi humo, kwa kuwa haiongezi chochote isipokuwa gharama. Mfuko usio na tundu hurudiwa msimu wa pili na hata wa tatu.

Mahali mfuko unapovunja mioyo ya watu ni kwenye unyevu. Plastiki inayozuia hewa kuingia huzuia pia maji kutoka. Mahindi yenye asilimia 17 yakifungwa humo hupata harufu ya kuchacha, hubadilika rangi na kupoteza uwezo wa kuota, na lawama zote huelekezwa kwenye mfuko ingawa kosa lilifanyika kwenye turubai.

Kihenge cha bati hufuata kanuni ile ile. Fundi wa bati hukitengeneza kwa mabati ya zinki yaliyolehemiwa, katika ukubwa kuanzia kilo mia hadi tani tatu, na kikitunzwa hudumu zaidi ya miaka kumi. Baada ya kujazwa, mshumaa huwashwa juu ya nafaka na kifuniko kuzibwa kwa mpira au grisi. Mshumaa hula sehemu ya oksijeni hadi unapozimika wenyewe, na wadudu humalizia iliyobaki. Kisimame chini ya paa. Kikikaa juani, upande mmoja hupata moto mchana na kupoa usiku, unyevu husafiri kutoka punje za joto hadi penye baridi, na tabaka la juu huota ukungu ingawa mahindi yaliingia yakiwa makavu. Kaya isiyomudu gharama yake hupata huduma karibu sawa kwenye pipa la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, mradi halikuwahi kubeba kemikali.

Anayetumia magunia ya kawaida anategemea stoo yenyewe. Mabaki ya mwaka jana hutolewa yote, nyufa huzibwa, vumbi hufagiwa na kuchomwa, magunia ya zamani hutumbukizwa kwenye maji yanayochemka na kuanikwa. Magunia hupangwa juu ya chaga za mbao, nusu mita au zaidi kutoka ukutani, ili hewa ipite na jicho lione. Mahindi mapya hayachanganywi na ya zamani. Kila wiki mbili hivi gunia mojamoja hukaguliwa kwa harufu, kwa mkono na kwa kuangalia kama kuna unga chini.

Panya nao huhitaji kuzuiwa. Kihenge cha nje huinuliwa mita moja juu ya nguzo, na kila nguzo huvishwa koni ya bati iliyopinduliwa. Kichaka na matawi yaliyo karibu hufyekwa, vinginevyo panya hurukia juu. Kuweka mahindi ndani ya nyumba huyalinda dhidi ya wezi lakini huwaleta panya kitandani. Huko Lushoto, milimani Usambara, tauni iliyozuka mwaka 1980 ilirudi tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini, na viroboto wa panya ndio wanaoibeba.

Kwa ngazi ya taifa, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wa Tanzania hununua na kutunza akiba kwenye maghala na vihenge vya kisasa vya chuma katika mikoa kadhaa, na Kenya ina bodi yake ya nafaka. Huko mashine hukausha na kupoza kwa feni. Kanuni za unyevu na hewa hazibadiliki, isipokuwa kosa moja huko huharibu tani nyingi kwa mara moja.

Linalobaki ni sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho. Hutengenezwa na kuvu inayoishi udongoni na kwenye mabaki ya mimea. Kuvu hiyo hulivamia hindi shambani hasa mwaka wa ukame, mmea unapokuwa umedhoofu, na kuendelea kuzaliana stoo penye unyevu. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa baada ya kula mahindi yaliyolimwa na kuhifadhiwa huko huko yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 zamu ilikuwa ya mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20. Waathirika walipata macho ya manjano, kutapika na matumbo yaliyovimba kwa maji, dalili za ini lililoshindwa. Hayo ni yale ya dozi kubwa. Dozi ndogo za kila siku husababisha saratani ya ini, hatari ikiwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B, na zinahusishwa na kudumaa kwa watoto.

Kiwango cha juu kinachokubalika katika Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, yaani gramu moja ya sumu katika magunia elfu moja ya kilo 100. Moto wa jikoni hauiondoi. Ugali uliopikwa saa nzima unabaki na sumu yake. Kinachopunguza ni kuchagua. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu hubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima, kwa hiyo akina mama wanaochambua mahindi kwenye ungo kabla ya kwenda mashineni wanafanya kazi ya maabara. Kukoboa hupunguza zaidi, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Hili huwaweka walaji wa dona njia panda: lina lishe kuliko sembe, lakini hubakiza kila kilichokuwa kwenye punje. Dona basi litokane na mahindi ambayo historia yake inajulikana, na mtoto anayeanzishiwa uji ndiye wa kwanza kufikiriwa.

Yaliyochambuliwa na kutupwa kando huleta kishawishi. Mara nyingi huishia kwa kuku, kwa ng'ombe au kwenye pombe ya kienyeji. Ng'ombe anayelishwa mahindi yenye kuvu hupitisha sumu kwenye maziwa, kuku hudhoofu na kufa, na uchachushaji wa pombe hautoshi kuisafisha. Mahindi hayo hufukiwa au kuchomwa, mbali na chanzo cha maji na mbali na shamba litakalopandwa mahindi, na gunia lililoyabeba halirudishwi stoo.